Mwalo wa Upande Mmoja

Shangazi yangu aliteleza kwenye ukingo wa mto akiwa na ndoo ya asali kichwani, akaanguka na kuvunjika nyonga. Aliponisimulia mkasa huo, akiwa amelala wodini Tabora mjini, alianza na asali. Alieleza ilikuwa ya rangi gani, ilivyomwagika na kuingia kwenye tope, na jinsi mbwa wa jirani walivyofika kabla ya watu. Nyonga aliitaja mwishoni, kama mtu anayetaja kwamba siku hiyo kulikuwa na upepo.

Kijiji chake kiko kusini mwa Sikonge. Ukishuka kwenye basi unapanda bodaboda, na barabara ya vumbi inaingia kwenye msitu wa miombo hadi unaposikia maji. Ng'ambo ya mto ni msitu wa hifadhi. Wanakijiji huruhusiwa kuingia kwa kibali kufuga nyuki, lakini hawaruhusiwi kulima wala kujenga chochote, hata kibanda. Karibu kila nyumba ina mizinga huko. Ya shangazi ilikuwa ya masanduku, imening'inizwa kwa waya usawa wa kifua, kwa sababu alikwisha kuachana na habari za kukwea miti. Aliianzisha na marehemu mumewe, na baada ya mumewe kufariki akaiendeleza peke yake. Ada ya watoto ilitoka huko, na mabati ya nyumba pia.

Mto una mamba, kwa hiyo hakuna anayevuka kwa miguu hata kiangazi maji yanapopungua. Watu huvuka kwa mitumbwi ya kuchonga, mingi ya mti wa mninga. Kwenye maji mafupi husukuma kwa upondo, ule mti mrefu unaochomwa chini, na kwenye kina hupiga kafi. Injini hakuna. Na kuna desturi moja ambayo niliikuta nikiwa mdogo na bado ipo: mtu akifika ng'ambo na mtumbwi uko upande huu, anaita. Yeyote anayesikia anaacha alichokishika na kupeleka mtumbwi. Hakuna anayeuliza ni nani anayeita. Nimewahi kuona ugomvi wa mashamba ukisimama katikati ili mmoja wa wagomvi akamvushe mtu, kisha akarudi wakaendelea pale walipoachia.

Tatizo lilikuwa ukingo. Upande wa kijiji umeinuka kama paa la nyumba ya nyasi, na mvua ikinyesha udongo wake unakuwa sabuni. Watu walishuka kwa kushikilia mizizi. Shangazi alipotoka hospitali alitembea kwa fimbo, na daktari alimkataza kabisa mteremko ule. Kwa misimu miwili mizinga yake ilitunzwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa anarina asali na kumletea yote bila kupungua. Lakini shangazi hakuridhika.

"Ananiletea asali kama mgonjwa anavyoletewa uji," aliniambia. "Namuuliza mzinga wa tatu una hali gani, ananiambia mzuri. Namuuliza wa tano, mzuri. Sijawahi kuona mizinga mizuri namna hiyo. Hata ya kwake si mizuri hivyo."

"Shangazi, si mtu akubebe mgongoni akuvushe?"

"Mimi si gunia la mahindi."

Nilisema hivyo mara moja tu.

Habari ya ruzuku ilikuja kupitia tangazo lililobandikwa ofisi ya kata. Mfuko mmoja ulikuwa unatoa fedha kwa vijiji vitakavyojenga mialo ya umma, yaani mahali pazuri pa kutia na kutoa vyombo vya majini visivyo na injini. Masharti yalikuwa machache na yalieleweka. Mwalo uwe wa watu wote, bila kiingilio wala geti la kufuli. Uweze kutumiwa na wazee na walemavu. Na pawe mahali ambapo watu tayari wanavuka, kwa sababu mfuko haukutaka kujenga kitu kizuri ambacho hakina mwenyewe.

Kamati ilipoundwa, mwenyekiti akawa yule yule shemeji wa shangazi. Ni mtu mrefu, msafi sana, anayevaa kofia ya viua, ile iliyodariziwa, hata shambani. Mimi nilifanya kazi ya kukusanya habari kwa miaka mingi kabla ya kurudi Tabora, kwa hiyo walinipigia simu nije niwasaidie kuandika maombi. Tulikaa ndani ya ghala la tumbaku, lililokuwa tupu msimu ule lakini harufu ilikuwa bado imo ukutani.

Mwenyekiti alitaka tuanze na misafara. "Andika kwamba misafara ya zamani ilivukia hapa," alisema. "Wapagazi, pembe, kila kitu. Watu wa mifuko wanapenda historia."

"Nani alikwambia walivukia hapa?"

"Walivukia mahali fulani. Mto ni huu huu."

Wajumbe walicheka. Niliwaambia siwezi kuandika jambo ambalo sina wa kulithibitisha. Tukaandika la shangazi, kwa ruhusa yake, na la mama mmoja aliyejifungulia ndani ya mtumbwi kwa sababu kumpandisha ukingo kulichukua muda mrefu kuliko mtoto alivyokuwa tayari kusubiri. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, fimbo mapajani. Nilipomaliza kusoma kwa sauti alisema, "Umeandika vizuri. Lakini umenifanya mzee."

"Wewe ni mzee, shemeji," mwenyekiti akasema.

"Nilikupikia uji ukiwa hujui kufunga kaptula. Kwa hiyo ni kweli, mimi mzee."

Maombi yalikwenda. Baada ya muda mrefu wa kimya, ambao shangazi aliuhesabu kwa maua ya miti, tulijibiwa kwamba yamefika hatua ya mwisho na afisa wa mfuko atakuja kukagua. Angekuja kiangazi.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe, niliyezaliwa mjini, nilikuwa nimelisahau. Mtumbwi wa kuchonga ukiachwa juani kiangazi unapasuka. Kwa hiyo msimu wa kurina ukiisha, wenye mitumbwi huizamisha makusudi. Wanaijaza maji, wanaiwekea mawe, inalala chini ya mto hadi mvua zikaribie. Huwa wanabakiza miwili au mitatu ya kuvushia watu.

Nilifika kijijini asubuhi ya ukaguzi na sikuwahi kupaona mahali pale pakiwa pasafi vile. Juu ya ukingo pamefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mawe yamepangwa pande mbili na kupakwa chokaa. Wanawake wanaofua nguo pale kila siku hawakuwepo. Waliokuwa wanauza samaki wa kukaanga chini ya kichaka hawakuwepo. Mwenyekiti alikuwa amevaa koti.

"Watu wako wapi?" nilimuuliza.

"Nimewaambia wakae nyumbani hadi mgeni aondoke. Hatuwezi kumpokea mtu kwenye nguo za kufua."

"Na mitumbwi ya kuvushia?"

"Imezama yote." Alisema kwa kuridhika. "Mmoja ulikuwa umezibwa kwa bati na lami. Ule wa pili ndio usiseme, umekatika mdomo. Ningemwonyesha mgeni vitu vile?"

Kabla sijajibu gari lilikuwa linashuka kutoka kwenye miti. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa viatu vya mpira, na kwapani ana ubao wa kuandikia. Alimwamkia shangazi kwanza, shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasalimia wengine, kisha akasogea kwenye ukingo na kutazama mto. Maji yalikuwa yanapita taratibu, meupe kama chai ya maziwa mengi. Hakukuwa na kitu juu yake.

"Hapa ndipo watu wanapovukia?"

"Ndipo," akajibu mwenyekiti.

"Vyombo viko wapi?"

"Vimehifadhiwa."

"Wapi?"

Mwenyekiti alionyesha maji kwa kiganja, kwa heshima, kama anayemkaribisha kiti. "Chini."

Afisa alimtazama, akatazama maji, akaandika kitu. Sikuweza kukiona lakini kilikuwa kifupi. Baadaye alinieleza kwamba mwezi huo huo alikuwa ameonyeshwa, mahali pengine, mitumbwi iliyoazimwa kutoka kijiji cha pili, na mahali pengine tena alionyeshwa picha. Chini ya maji ilikuwa mara yake ya kwanza. Wakati ule alichosema ni hiki tu: "Baba, mimi siwezi kuandika kwamba nimeona kitu ambacho sijakiona." Nilitazama pembeni, maana maneno yale yalikuwa yangu.

Nilijaribu kueleza habari ya jua na kupasuka. Mwenyekiti naye akaeleza, wajumbe nao wakaeleza, wote kwa pamoja, na kadiri tulivyoeleza ndivyo ilivyozidi kufanana na uongo. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mawe ya chokaa, na nilimwona anavyoishika fimbo kwa mikono yote miwili. Ukaguzi ukishindikana pale hakukuwa na mwingine. Afisa alikwisha kutuambia kwamba vijiji vilivyobaki ni vingi kuliko fedha.

Ndipo sauti ikatoka ng'ambo. Mtu alikuwa anaita, lile ooo refu linaloshuka mwishoni. Tuliona kofia yake kwanza, halafu baiskeli iliyofungwa madumu mawili, imeegemezwa mti pembezoni mwa maji.

Mwenyekiti alikohoa. "Atasubiri," alisema. "Tuna mgeni."

Ng'ambo mtu akaita tena.

"Kuna mtu anaita huko," shangazi akasema.

"Nimesikia, shemeji."

"Umesikia halafu umesimama?"

Katika kijiji kile mtu anaweza kusemwa kwa mambo mengi na akaendelea kula vizuri. Kwa hilo hapana. Mwenyekiti alivua koti, akalikunja na kumpa shangazi. Akavua viatu. Akamgeukia afisa na kusema, "Samahani, mama, kuna mtu anaita," akaanza kushuka kwa kushika mizizi na wajumbe wawili nyuma yake. Kuinua mtumbwi uliozama si kazi nyepesi. Mtu mmoja alisimama na upondo kupiga maji, mamba wakae mbali, wengine wakaingia hadi kifuani na kuanza kutoa mawe, moja moja, wakiyarusha kwenye tope. Walitikisa mtumbwi mbele na nyuma mpaka maji yakamwagika na ukingo wake ukachungulia. Ukatoka ule wenye bati na lami. Ulikuwa na konokono ndani.

Afisa hakuondoka pale juu. Alichuchumaa kabisa ili aone vizuri.

Mwenye baiskeli alipovushwa na kupandishwa, na baiskeli yake ikapandishwa kwa kamba, alishangaa kukuta watu wengi kimya wanamtazama. "Kuna msiba?" aliuliza.

"Kuna usafi," shangazi akamjibu.

Afisa alicheka, na alipoanza kucheka hakuweza kuacha haraka. Kisha akamuuliza yule mtu anavuka pale mara ngapi, amevuka tangu lini, na anapobeba madumu anashukaje. Akamuuliza shangazi maswali marefu zaidi. Watu walikuwa wameanza kutoka majumbani, maana mtu akiita ng'ambo hakuna tena cha kujificha, na wanawake wa kufua wakaja na beseni zao. Mwenyekiti alisimama katikati yao akiwa na suruali inayochuruzika maji, akijaribu kuvaa koti juu ya mwili ulioloa.

Ruzuku ikatoka. Ilikuwa ndogo kuliko tulivyoomba, lakini ikatosha mteremko wa zege uliokwaruzwa ili usiteleze, wenye vituo viwili vya kupumzikia na bomba la kushikia toka juu hadi kwenye maji. Kijiji kilitoa mchanga, kokoto na mikono. Shangazi alikuwa anapelekewa kigoda chake kila siku na kukaa juu ya ukingo kutazama mafundi. Alikuwa na la kusema kuhusu kila ndoo ya zege. Fundi mkuu alimwita injinia, na kwa kweli alianza kumwogopa.

Zege lilipokauka na kuthibitishwa, mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha na mitumbwi yote iko juu. Nilikuja siku aliyoichagua mwenyewe. Hakutaka hotuba. Alitaka asubuhi, kabla ya jua kali, nyuki wakiwa hawajachangamka sana.

Alishuka akiwa ameshika bomba kwa mkono wa kulia na fimbo kwa wa kushoto. Kwenye kituo cha kwanza alipumzika. Cha pili alikipita. Wanawake wa kufua walisimamisha kazi lakini hawakupiga vigelegele, nadhani walihisi hatapenda. Mtumbwi ulikuwa umeletwa ubavu kwa ubavu na zege, akakaa ukingoni mwake, akaingiza mguu mzuri, akauinua ule mwingine kwa mikono na kuuweka ndani. Akaomba kafi.

"Shemeji, nitapiga mimi," mwenyekiti alisema.

"Wewe kaa mbele, uzuie upepo."

Akapiga yeye, ameketi, taratibu, na mtumbwi ukaenda ukiwa umenyooka. Mimi nilikuwa katikati. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba shangazi yangu ana mabega mapana. Alipiga hivyo mpaka ubavu wa mtumbwi ukagusa udongo wa ng'ambo.

Tukakaa. Mtumbwi ulikuwa unayumba kidogo.

Mbele yetu palikuwa na ukingo. Si mrefu kama ule wa kijijini, unafika kama kifuani mwa mtu, lakini ni udongo ule ule mwekundu, umeloa, una mizizi michache na alama za vidole vya miguu vya watu walioparamia. Ndivyo ulivyokuwa siku zote. Niliutazama, nikamtazama mwenyekiti, naye akanitazama. Katika vikao vyote, katika michoro, katika ukaguzi, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutaja upande wa pili. Wote tulikuwa na miguu. Tulipopiga picha tulisimama kijijini na kuelekeza kamera majini. Na hata kama tungekumbuka, kule ni hifadhi, hakuna kujenga.

"Mungu wangu," mwenyekiti alisema polepole. "Shemeji. Nisamehe."

Shangazi alikuwa anatazama juu, kwenye miti. Kutoka pale mizinga haionekani, lakini nyuki wanasikika ukinyamaza, na alikuwa amenyamaza.

"Turudi," mwenyekiti akasema. "Kesho nije na jembe, nichonge ngazi. Ngazi ya udongo si jengo."

"Na mvua ya kesho kutwa?"

"Basi nikubebe. Leo tu. Hakuna anayeona."

"Wewe utaona."

Nilidhani shangazi atasema turudi, na nilikuwa nimekwisha kuanza kutafuta maneno ya kumwambia njiani. Badala yake alinipa kafi. Akafunga kanga yake upya, akaikaza kiunoni, na ya pili akaipitisha katikati ya miguu kama wanavyofanya wanawake wanaoingia majarubani kupanda mpunga. Kisha akajigeuza polepole pale alipokaa, mpaka mgongo wake ukawa umeelekea ukingo.

"Shikilieni mtumbwi," alisema. "Na mgeuke mtazame mtoni."

"Shangazi..."

"Mgeuke."

Tukageuka. Mwenyekiti alichoma upondo kwenye tope na kuukumbatia ili mtumbwi usisogee, nami nikashika mzizi. Ng'ambo ya pili, kijijini, mwalo wetu ulikuwa umepigwa na jua, mweupe, umenyooka, bomba lake linang'aa, na wanawake wamesimama juu yake mikono juu ya macho wakitutazama. Nyuma yetu nilisikia makalio yakiburuzwa kwenye udongo. Nikasikia pumzi. Nikasikia fimbo ikitupwa juu na kuangukia majani. Mzizi mmoja ukakatika mkononi mwake, na mtumbwi ukazama upande mmoja kwa uzito, ukarudi. Mwenyekiti alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inatembea, sijui alikuwa anaomba au anahesabu. Alianza kugeuka.

"Nimesema msigeuke."

Halafu mtumbwi ukawa mwepesi. Ulielea juu ghafla, kama unavyofanya mtu anapotoka.

Tulisubiri kuambiwa. Palikuwa na pumzi nyingi kwanza, za mtu aliyelala chali. Kisha sauti ya kanga ikipigwapigwa kutolewa tope, ingawa tope lile halitoki kwa kupigwa. Kisha fimbo ikichoma chini mara moja, mara ya pili.

"Haya," shangazi akasema kutoka juu. "Nani ana kiberiti? Nyuki hawafunguliwi bila moshi."

Mwenyekiti alikuwa nacho.